Chumba cha kupanga Makambako: hela ya kuingilia unaitoa wapi?

Barua ya kituo cha kazi ikitoka, ndugu wanakupongeza, halafu mmoja anauliza: sasa huko utafikia kwa nani? Mimi nilijibu kwamba Makambako ni mji mdogo, vyumba bwerere, nitapata tu. Vyumba nilivikuta kweli, na bei kweli ilikuwa ndogo. Kilichonitoa jasho ni kwamba hakuna mwenye nyumba aliyetaka kodi ya mwezi mmoja. Miezi sita, kwa mkupuo, kabla hujapewa ufunguo.

Kwa hiyo mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mtu mwenye mshahara mdogo au biashara changa, anayehamia mji kama Makambako bila mwenyeji. Miji mingine ya aina hii, Mafinga, Korogwe, Babati, mambo hayapishani sana. Ila Makambako ina mawili yake: malori na baridi. Nitayafikia.

Hatua ya kwanza: hesabu hela ya wiki ya kwanza, kodi ya mwezi iache

Tuseme umesikia kuna chumba cha masta, yaani chenye choo na bafu ndani, kwa 40,000 kwa mwezi. Chukua karatasi. Kodi ya miezi sita ni 240,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja, 40,000. Gesti usiku tatu ukiwa unatafuta, kwa 15,000, ni 45,000. Kirikuu cha kubeba godoro na vyombo, 20,000. Umeme wa kuanzia, 10,000. Jumla 355,000, na hujala.

Sasa angalia karatasi hiyo upya ujue ni wapi panapolegea. Kirikuu hutakikwepa, gesti nayo utapunguza usiku mmoja tu ukiwa na bahati. Penye hela ni sehemu mbili: miezi unayolipa kwa mkupuo, na dalali. Ukipatana miezi mitatu badala ya sita unabaki na 120,000 mfukoni. Ukipata chumba bila dalali, 40,000 nyingine. Ile 355,000 imeshuka hadi 195,000, na chumba ni kilekile. Watu wengi wanahangaika kuomba kodi ipunguzwe kutoka 40,000 hadi 35,000, wanachosha maneno yao kwenye 5,000 wakati laki nzima imekaa pembeni inasubiri kuulizwa.

Kama wewe ni mwajiriwa mpya wa serikali, posho ya kujikimu isiingie kwenye hesabu hii mpaka uione kwenye simu. Ikichelewa, mwenye nyumba haitambui.

Hatua ya pili: usitume hata shilingi ukiwa mbali

Utatumiwa picha WhatsApp: ukuta mweupe, gipsam, taa za rangi. Chini yake maneno "wateja ni wengi, tuma kishika uchumba nikuwekee". Usitume. Chumba unachokiona kwenye picha huenda kina mpangaji tangu mwaka juzi, au kipo mji mwingine kabisa. Panda basi, shuka stendi, lala gesti. Hiyo 45,000 ya gesti ndiyo hela iliyonisaidia kuliko zote nilizotumia wiki ile.

Na ukilala gesti, usilale tu. Muulize mhudumu anapanga wapi na analipa ngapi. Yule anajua bei za mji bila kuongeza chumvi, maana yeye hauzi chumba.

Hatua ya tatu: tembea kwa miguu kabla hujapenda mtaa

Makambako ni njia panda. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inakutana hapa na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake hapa. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yanalala hapa. Ukipanga karibu na yanapoegeshwa utajua kwamba dereva wa lori haamki kama watu wengine: saa tisa usiku anawasha injini, anaiacha ikinguruma mpaka anywe chai. Chumba changu cha kwanza kilikuwa cha 25,000 na nilijiona mjanja. Nilikaa miezi sita, kwa sababu nilishalipa miezi sita, nikienda kazini na macho mekundu.

Upande wa pili, usikimbilie pembeni ya mji kwa sababu tu kodi imeshuka. Bodaboda ya 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, siku ishirini na mbili za kazi, ni 44,000 kwa mwezi. Hapo umelipa chumba cha pili usichokilala. Ukitajiwa Mjimwema, Maguvani au Lyamkena, usiulize "ni mbali?" Utaambiwa hapo tu. Uliza ni dakika ngapi kwa miguu hadi unapofanyia kazi, halafu tembea mwenyewe uone. Tena tembea ukijua mvua za huku zinaanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea mpaka Aprili hivi. Njia ya vumbi unayoipita Agosti kwa viatu vya ngozi, Februari ni tope la kuvua viatu.

Hatua ya nne: tafuta kwa midomo ya watu

Mji mdogo una sifa moja nzuri: chumba kikikaribia kuwa wazi, watu wanne wanajua kabla dalali hajajua. Mama ntilie wa karibu na kazini kwako. Mwenye duka la pembeni, hasa yule anayekopesha, maana anajua nani anahama na nani amekimbia deni. Fundi umeme, anayeitwa kila nyumba mpya inapomaliziwa. Watu wa kanisani au msikitini kwako. Mimi chumba cha pili, nikiwa nimerudi gesti, nilikipata kwa mama muuza vitumbua. Nilinunua kwake siku tatu mfululizo, siku ya nne akaniuliza mwenyewe, "Mwalimu, bado unalala gesti?"

Salamu usiziruke. "Shikamoo" kwa kila aliyekuzidi, na ukijifunza "kamwene" ya Wabena na Wahehe, mzee aliyekunja uso anakunjua. Ukiingia kwenye uwanja wa mtu ukaanza na "eti hapa kuna chumba?" bila salamu, chumba hakipo, hata kama mlango wake uko wazi unauona.

Dalali simchukii. Ukiwa na siku mbili tu, mtumie. Ila patana naye mapema vitu viwili: hela ya kuonyeshwa (wengine wanadai elfu tano, wengine elfu kumi, kwa kutembea tu) na kwamba ada yake utaitoa baada ya kukabidhiwa ufunguo, mbele ya mwenye nyumba. Na usimwambie una shilingi ngapi. Mtajie kiasi cha chini kidogo ya ulichonacho.

Hatua ya tano: kikague mchana, rudi tena usiku

Mchana, tazama juu kwanza. Doa la kahawia kwenye dari lina maana bati linavuja, na rangi mpya kwenye kona moja tu ina maana doa limefunikwa. Fungua bomba, vuta maji ya choo, usikubali kuambiwa "linafanya kazi". Beba chaja ya simu uchomeke kila soketi. Funga mlango ukiwa ndani uone mwanga unapenya wapi, maana mwanga unapopenya ndipo upepo wa Julai utakapopita.

Hili la baridi mtu wa Dar au Tanga halielewi mpaka limkute. Kuanzia Juni mpaka Agosti Makambako ina baridi yenye upepo. Madirisha yasiyo na vioo, yenye wavu peke yake, kwa Pwani ni hewa nzuri, hapa ni adhabu. Chumba kisicho na dari, bati likiwa wazi juu yako, usiku kinakuwa kama friji. Hata tailizi zinazopendeza kwenye picha, jaribu kuzikanyaga peku alfajiri ya Julai. Mimi siku hizi nachagua sakafu ya saruji yenye kapeti na hela ninayobakiwa nayo nanunua blanketi.

Kuna jambo hapa ambalo ni la kufa na kupona. Chumba kikiwa cha baridi sana utashawishika kuingiza jiko la mkaa ndani usiku, ukafunga mlango upate joto. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wanalala wasiamke. Kwa hiyo chumba chenye dari na madirisha yanayofunga usikihesabu kuwa anasa. Kama tofauti ni 5,000 kwa mwezi, itoe.

Usiku, rudi saa mbili au saa tatu. Sikiliza. Grosari iliyokuwa imefungwa mchana sasa ina spika mbili. Au geti linafungwa saa nne na mwenye nyumba hafungulii mtu. Muulize mpangaji mmoja, ukimkuta peke yake: "Dada, hapa pakoje?" Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, umeshajibiwa.

Hatua ya sita: maji na umeme, ndiyo kodi ya pili

Usiulize "kuna maji?" Kila mtu atasema yapo. Uliza "maji yanatoka siku gani na saa ngapi?" Makambako imo kwenye ile miji 28 ya mradi mkubwa wa maji, lakini mradi ni kitu kimoja na koki ya uani kwenu ni kitu kingine. Kama nyumba haina simtanki na utanunua ndoo nne kwa siku, tuseme kwa 200 kila moja, mwezi unaisha umetoa 24,000. Chumba cha 30,000 kisicho na maji kimekuwa cha 54,000.

Umeme una mambo zaidi. Uliza kwanza: mita ni yako, au mnashea? Kisha uliza mita ni ya daraja gani. Nyumba yenye matumizi madogo, isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, inauziwa umeme kwa takriban shilingi 122 kwa yuniti pamoja na kodi na tozo. Mita ya kawaida ni kama 356. Kwa hela ya 5,000, mita ndogo inakupa yuniti arobaini na moja hivi, ya kawaida kumi na nne. Vyumba sita vikishea mita moja, matumizi madogo mnayasikia kwa jirani tu. Hakuna ubaya kushea, ila uliza mnagawanaje: kwa submita, yaani kimita cha kila chumba, au kwa vichwa? Kwa vichwa, mwenye taa moja na redio anamlipia mwenye hita na friji, na ugomvi wa uani unaanzia hapo.

Kingine ni kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Inakatwa unaponunua umeme kwa mara ya kwanza katika mwezi, na miezi iliyopita bila kununuliwa umeme inajikusanya kama deni. Niliwahi kuingia nyumba iliyokaa wazi, nikanunua umeme wa 10,000, nikaona yuniti zimekuja chache nikadhani mita ni mbovu. Ilikuwa imekata miezi mitano ya nyuma, 7,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Wewe unakatwa kwa sababu ndiye unayenunua umeme. Weka meseji zote za LUKU, na mpatane mapema kwamba makato hayo yatatolewa kwenye kodi ya chumba inayofuata. Kwa mwaka ni 18,000. Wenye nyumba wengi wakionyeshwa meseji wanakubali. Asiyekubali, angalau umejua bei halisi ya chumba chake.

Hatua ya saba: omba miezi mitatu

Hapa ndipo ile 120,000 ilipo. Usiombe kupitia dalali, wala kwa simu. Nenda mwenyewe, jioni, ukae kwenye kiti utakachopewa. Mazungumzo yangu na mama mwenye nyumba yalikwenda hivi:

"Mama, chumba nimekipenda. Nisikudanganye, hela ya miezi sita leo sina. Ninayo ya miezi mitatu, hii hapa."

"Wote mnasema hivyo, mwanangu. Aliyetoka alianza na mitatu, akaishia kukaa miwili bure."

"Ni kweli, mama, una haki ya kuogopa. Mimi nafundisha hapo sekondari, mkuu wa shule unaweza kumuuliza. Na tuandike tarehe kabisa: ikifika hiyo tarehe sijalipa, sina la kujitetea."

Akakaa kimya, akachambua mboga. "Basi lete ya minne."

Nilileta ya minne. Karatasi yangu ilisoma 235,000, dalali akiwa hayumo. Kilichomlegeza, nadhani, ni hela kuwa mkononi inaonekana, na kutaja mtu anayemfahamu. Kulia shida peke yake hakusaidii, na kukisema vibaya chumba ("lakini mlango wenyewe mbovu") kunaudhi. Mlango mbovu una njia nyingine: "Mama, nikitengeneza huu mlango kwa 30,000, tukate kwenye kodi inayofuata?" Akikubali, iandikwe, na risiti ya fundi itunzwe.

Halafu angalia mtego ambao ulininasa mimi mwenyewe. Nilipatana miezi minne ya kuanzia, sikuuliza baada ya hapo itakuwaje. Mwezi wa nne mama akaja: sasa lete ya sita. Kukusanya 240,000 kwa miezi minne ni 60,000 kila mwezi, kwa chumba cha 40,000. Kwa hiyo patana siku hiyohiyo kwamba malipo yanayofuata nayo yatakuwa kwa miezi ileile.

Hatua ya nane: andikeni, na ujue unamlipa nani

Nyumba nyingi za miji yetu ni za urithi. Anayekupangisha anaweza kuwa mtoto mmoja kati ya saba. Niliwahi kumlipa kaka mkubwa wa familia fulani, mwezi wa pili akaja shangazi yao na daftari, anasema kodi ya nyumba ya marehemu inapokewa na yeye. Yalisuluhishwa, lakini kwa wiki mbili sikujua kama nitalala ndani. Sasa kabla ya kulipa naenda kwa mwenyekiti wa mtaa, najitambulisha, nauliza: nyumba ile ni ya nani na nani anapokea kodi? Safari hiyo inafaa hata baadaye, maana utakapotaka barua ya utambulisho kwa ajili ya benki au NIDA ni yeye utakayemfuata.

Mkataba hauhitaji mwanasheria. Karatasi mbili zinazofanana, zenye majina kamili, kiasi, tarehe ya kuanza na kuisha, malipo yanayofuata ni ya miezi mingapi, umeme na maji yanagawanywaje, nani anatengeneza nini, na notisi ni ya muda gani kwa kila upande. Hilo la notisi lisirukwe: mwenye nyumba akipata mnunuzi, au mwanawe akioa, ndiyo litakalokupa mwezi wa kutafuta pengine. Mashahidi wawe wawili, na kama mwenyekiti anagonga muhuri, nenda naye. Hela ipite kwenye simu au benki ili ibaki alama. Ukilipa taslimu, asaini palepale. Kisha piga picha kila ukuta, kila soketi, na namba ya mita ikionyesha yuniti.

Mkikosana, anzeni kwa mwenyekiti. Baraza la kata linasuluhisha, na likishindwa kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa chumba cha 40,000 watu wengi wanamalizana kwa mwenyekiti, na ile karatasi yenye saini ndiyo inayozungumza.

Hatua ya tisa: siku ya kuhamia

Nunua kufuli lako jipya. La zamani lina funguo ambazo hujui ziko kwa nani. Pitia kila mlango wa uani usalimie, uulize zamu za usafi wa choo na uwanja zikoje kabla hujaambiwa umeziruka.

Na siku hiyohiyo anza kodi inayofuata. Kwa chumba cha 40,000 ni kama 1,400 kwa siku. Wanaolipwa mshahara waiweke yote tarehe moja kwenye akaunti isiyo na kadi. Wa biashara ya kila siku, kibubu au kikoba. Mimi kibubu kilinishinda, nilikipasua mara mbili. Kikoba cha walimu ndicho kilichoniweza, kwa sababu mweka hazina wetu ni jirani yangu wa mlango wa pili na kila Ijumaa jioni ananigongea.